Mama jasusi na kengele ya saa tisa: riwaya ya taharuki yenye kuchekesha inavyojengwa

Jasusi wa riwaya za kawaida ana usiku mzima. Anaweza kukaa kwenye gari mpaka alfajiri akikodolea macho dirisha moja, akalala hotelini bila kumuaga mtu, akapotea wiki mbili na asiulizwe. Mpe kazi hiyohiyo mama wa watoto watatu anayeishi kitongoji cha nje ya Chicago, naye atakuwa na muda kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, basi la shule linapoondoka, hadi saa tisa alasiri, kengele inapolia. Hapo katikati amfuatilie muuza silaha, apitie nguo kwa dobi, na kuku wa jioni awe ameshatolewa kwenye friza.

Utanzu mzima umesimama juu ya saa hizo sita na nusu. Waandishi wanaoushindwa mara nyingi hudhani kwamba vichekesho viko upande wa umama na hatari iko upande wa ujasusi, basi wanaandika sura moja ya hapa, moja ya kule, kwa zamu. Kitabu kinachotoka hapo ni viwili vilivyogombana. Kicheko na hofu vinatakiwa vitoke kwenye ratiba ileile, na ikiwezekana kwenye sentensi ileile.

Tuanze na taharuki, maana huchanganywa sana na mshtuko. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mahojiano yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano ambao walimu wa uandishi bado wanautumia. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Sasa rudia tukio, ila safari hii mtazamaji amemwona mtu akilitega, anajua litalipuka saa saba kamili, na ukutani kuna saa inayoonyesha saa saba kasorobo. Soga ileile ya kipuuzi itambana roho kwa dakika 15, na atatamani kuwapigia kelele wale wawili waache maneno waangalie chini ya meza.

Soga hiyo ni ya kipuuzi kwa makusudi. Kadiri mazungumzo yanavyokuwa madogo ndivyo bomu linavyokuwa kubwa, na hapo ndipo ucheshi unapopata mlango bila kukata stimu. Katika riwaya ya mama jasusi, bomu la kweli likitegwa mara moja katika kurasa 300 linatosha. Bomu la kila siku ni kengele ya shule: haisogei, haihongeki, na asipofika kwa wakati kuna mtoto wa miaka sita atabaki amesimama getini.

Tazama mfano kwa karibu. Mama, tumwite Diane, yuko kwenye foleni ya magari nje ya shule ya msingi. Foleni hizi za Marekani zina sheria zake: magari yanaenda upande mmoja tu, koni za rangi ya chungwa pembeni, huruhusiwi kulipita gari la mbele, na kila mzazi ananing'iniza kadi yenye namba ya mtoto kwenye kioo cha ndani. Mwalimu aliyevaa reflekta anasoma namba kwa redio, watoto wanatoka mmoja mmoja. Diane ni gari la 14. Chini ya kiti cha mtoto, katikati ya makombo ya biskuti, ameficha flashi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Magari matatu nyuma yake kuna mwanamume aliyekuwa akimfuata tangu benki.

Mwandishi mchanga ataandika hivi: yule mwanamume anashuka garini, anakanyaga mpira wa mtoto, anaanguka chali, Diane anaponyoka. Tumecheka, ila hofu imekufa palepale, kwa sababu adui anayeteleza juu ya mpira hawezi tena kumtisha mtu. Itabidi sura nzima itumike kumrudishia ukali wake.

Mwandishi anayeijua kazi ataachana na kule kuanguka na kuishika foleni. Diane hawezi kutoka, lakini na yule hawezi. Foleni inasogea gari moja kila sekunde 40, kwa hiyo msomaji anaweza kupiga hesabu: zimebaki kama dakika tisa. Mwanamume anakosa subira, anapiga honi. Katika foleni ya shule hakuna kosa kubwa kuliko honi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi anashuka, anagonga kioo chake, anamuuliza kwa tabasamu anamchukua mtoto yupi, na kadi yake iko wapi. Hana kadi. Mama wa pili anakuja na simu mkononi, anapiga picha namba ya gari. Tumecheka, na hatari imepanda: sasa yule mwanamume amebanwa, ana haraka, na ana silaha. Kisha binti anaingia garini na kusema amepeleka ile flashi ya mama darasani, kwenye kipindi cha kuonyesha vitu kutoka nyumbani. Mwalimu ameiweka kwenye droo. Shule imefungwa mpaka Jumatatu.

Hakuna kitu hapo kilicholetwa kutoka nje ya maisha ya shule. Sheria za foleni zilizomkera Diane tangu sura ya kwanza zimemwokoa, na tabia ya kawaida kabisa ya mtoto imemharibia. Ukitaka kupima tukio lolote la aina hii, jiulize: nikimwondoa mtoto na kazi za nyumbani, je, tukio bado linasimama? Likisimama, basi umama humo ni pambo.

Kwa nini lazima kitongoji

Vitongoji vya Marekani vya aina hii vilishamiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Levittown, pale Long Island karibu na New York, ulianza kujengwa mwaka 1947, na kufikia mwaka 1951 ulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000, za kwanza zikiwa za futi za mraba 750 tu na zote karibu sura moja. Ulijengwa kwa ajili ya Wazungu pekee, na wajenzi waliliandika hilo kwenye mikataba. Riwaya za kuchekesha huliruka jambo hili, ingawa ndilo linaloeleza kwa nini jirani wa huko hushtuka haraka akiona sura ngeni. Duka liko mbali, shule iko mbali, hakuna daladala. Mama anakuwa dereva wa kudumu. Mwishoni mwa mwaka 1983 Chrysler walipoleta gari la familia la mlango wa pembeni wa kusukuma, Dodge Caravan na ndugu yake Plymouth Voyager, vazi rasmi la mama huyu likakamilika.

Faida kwa mwandishi ni kwamba mahali hapa pana macho mengi na siri nyingi kwa pamoja. Jirani anajua umekata nyasi lini, hajui unachofanya nyuma ya pazia. Na gari la familia lililojaa viti vya watoto halionekani, kwa maana kwamba mtu hulitazama na asilikumbuke.

Hili la kutoonekana si la kubuni. Janet Chisholm alikuwa mke wa ofisa wa ujasusi wa Uingereza jijini Moscow, mama wa watoto watatu. Mwaka 1961 alikuwa akiwapeleka wanawe kwenye bustani ya barabara ya Tsvetnoy, na hapo Kanali Oleg Penkovsky wa ujasusi wa jeshi la Kisovieti alipita kama mpita njia aliyependezwa na watoto, akawapa kiboksi cha peremende. Ndani mlikuwa na filamu za nyaraka za siri. Kiboksi kikaenda kwenye kigari cha mtoto, mama akarudi nyumbani. Ukiitazama kama fundi, kila kipande kina sababu yake: bustani ina sababu ya kuwepo, mama ana sababu ya kukaa, mgeni ana sababu ya kusimama, na peremende zina sababu ya kutolewa.

Ilikoharibika nako kunafundisha. Mumewe Janet alikuwa amefanya kazi Berlin pamoja na George Blake, ofisa wa Uingereza aliyekuwa akiwafanyia kazi Wasovieti kwa siri. Kwa hiyo Moscow walimjua mume ni nani, na anayemjua mume humfuata na mke. Baadaye Janet akawa mjamzito, ikabidi mpango wa bustani ubadilishwe, na kukutana penginepo kukazidi kutia shaka. Penkovsky alikamatwa Oktoba 1962 na kuuawa Mei 1963. Umama wa Janet ulikuwa kificho kizuri sana. Kilichomwangusha ni cheti cha ndoa. Mwandishi wa riwaya achukue hapo: usimwangushe shujaa wako kwa uzembe wake, mwangushe kwa kitu cha kweli ambacho hakuwa na uwezo nacho.

Mwingine ni Ursula Kuczynski, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1907, ambaye Wasovieti walimwita Sonja. Aliingizwa kwenye ujasusi wao huko Shanghai na Richard Sorge, jasusi wa Kisovieti. Alipoitwa Moscow kujifunza redio, mwanawe Michael, ambaye bado alikuwa mdogo sana, aliachwa kwa wakwe zake huko Chekoslovakia kwa miezi kadhaa. Sababu ilikuwa ya kikazi: mtoto angeshika maneno ya Kirusi, na siku moja angeyatamka mbele ya watu wasiofaa. Mtoto wa umri huo hawezi kufundishwa kunyamaza. Ni sababu ndogo ya kuchekesha, nayo ilimgharimu mama miezi ya utoto wa mwanawe asiyoiona.

Uswisi, Sonja akiwa anaishi mlimani juu ya Montreux, hatari haikutoka kwa polisi. Ilitoka kwa yaya. Olga Muth alikuwa na familia kwa miaka mingi na alimpenda binti mdogo, Nina, kupita kiasi. Alipohisi Sonja anapanga kuondoka na watoto na kumwacha, alikwenda ubalozi mdogo wa Uingereza pale Montreux kumchongea. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba hakuna aliyemtilia maanani. Ukikiandika hicho kwenye riwaya, mhariri atakwambia umebahatisha mno.

Uingereza ndiko Sonja alikofanya kazi yake kubwa. Kati ya mwaka 1942 na 1943, akiwa sehemu ya muda huo mjamzito, alikutana na mwanafizikia Klaus Fuchs kwenye njia za mashambani karibu na Banbury, wakitembea wameshikana mikono kama wapenzi, naye akarudi na siri za bomu la atomiki. Septemba 1947 maofisa wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walibisha hodi nyumbani kwake, kijiji cha Great Rollright. Akawakaribisha chai. Waliondoka mikono mitupu. Mwishoni mwa Februari 1950, siku chache kabla ya kesi ya Fuchs kuanza, alipanda ndege na wanawe wawili wadogo kwenda Ujerumani Mashariki, na hakukamatwa maisha yake yote.

Na kuna wale wa mwaka 2010. Juni 27 mwaka huo FBI waliwakamata watu kumi waliokuwa wakiishi Marekani, wengi wao kwa majina ya bandia, wakifanya ujasusi kwa niaba ya Urusi. Julai 9 wakabadilishwa na wafungwa wanne kwenye uwanja wa ndege wa Vienna. Kati yao walikuwamo Richard na Cynthia Murphy, wazazi wa mabinti wawili, wakazi wa Montclair, New Jersey. Jirani mmoja aliye kijana aliwaambia waandishi wa habari kwamba hawawezi kuwa majasusi, tazameni alivyoyatunza maua yake. Nyaraka za mashtaka zina kitu kizuri zaidi: mawasiliano ya siri kati ya wanandoa hao na makao makuu Moscow, wakibishana nyumba iandikwe jina la nani. Wao walitaka iwe yao, kwa hoja kwamba Marekani watu hununua nyumba, kwa hiyo kununua ni sehemu ya kujificha. Makao makuu yakakataa. Mitambo, maandishi yaliyofichwa ndani ya picha, neno la siri la herufi 27, vyote hivyo, na ndani yake ugomvi wa hati ya nyumba.

Nani anamwajiri

Kosa la kwanza la kiufundi huwa hapa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya Marekani ya mwaka 1947 inaikataza CIA kuwa na mamlaka ya polisi au kazi za usalama wa ndani ya nchi. Mama wa Ohio anayevunja mlango wa jirani yake kwa amri ya CIA ni shimo kwenye njama, na wasomaji wa utanzu huu wanalijua. Kuwasaka majasusi ndani ya Marekani ni kazi ya FBI. Uingereza nako MI5 wanashughulika na ndani, MI6 na nje. Ndiyo maana wengi hubuni idara isiyokuwepo, yenye ofisi juu ya duka la mazulia. Si uvivu. Idara ya kubuni inakuruhusu kutunga kanuni zake, bajeti yake mbovu na fomu zake za kudai nauli.

Kisha amua: ni mwajiriwa au mtoa habari? Mwajiriwa ana mshahara, mafunzo na kinga fulani. Mtoa habari anaajiriwa na huyo mwajiriwa. Hana bunduki, hana pensheni, na akikamatwa idara itasema haimfahamu. Mama wa kitongoji karibu kila mara ni huyu wa pili, na riwaya inapata nguvu ikilikumbuka hilo. Msimamizi wake amempa kazi ya wiki mbili, anamlipa kwa bahasha, naye tayari ameshazipangia bahasha tatu zijazo kulipia meno ya mtoto.

Kwa nini yeye? Majibu mawili ndiyo yanayofanya kazi: au amechukuliwa kimakosa badala ya mtu mwingine, au ana kitu kimoja ambacho idara haiwezi kukipata, kwa mfano mtoto wake yuko timu moja ya mpira na mtoto wa mshukiwa. La pili ni bora, maana linamweka kwenye benchi pembeni ya adui kila Jumamosi. Aajiriwe kabla ya ukurasa wa 40. Ukichelewa zaidi ya hapo msomaji atakuwa amesoma riwaya ya mama aliyechoka, na ataizoea.

Ustadi wa jikoni, na usio wa jikoni

Jasusi aliyefunzwa, kabla ya kukutana na mtu wake, huzunguka mjini kwa saa moja hadi kadhaa akikagua kama anafuatwa. Kila anaposimama lazima pawe na sababu inayoeleweka, na anatazama kama sura ileile imejitokeza mara tatu mahali pasipohusiana. Mama anafanya mzunguko huo kila siku bila kujua: benki, famasi, sokoni, kwa fundi nguo, shuleni. Hatumbukizwi kwenye ujasusi akiwa mtupu. Anatambua uongo kwa kusikia ukimya chumba cha pili, anakumbuka nani ana mzio wa karanga, anaamka usiku kwa kikohozi cha mbali.

Lakini hapa ndipo vitabu vingi vinapolewa. Ustadi huo haumfanyi mpiga risasi. Kufuli ya kawaida ya mlango ina pini tano au sita, na kuifungua kwa vyuma vidogo kunahitaji mazoezi ya muda mrefu. Mama aliyejifunza Jumanne hawezi kuifungua Alhamisi gizani. Mwache ashindwe, kisha aingie kwa njia yake: mwanamke aliyebeba bakuli la chakula la moto kwa mikono miwili haulizwi anakwenda wapi, anafunguliwa mlango. Akifika sura ya tano akiwa tayari anapigana na wanaume watatu, umeshamuua yule mtu tuliyempenda na kutuletea komando aliyevaa aproni.

Mume ni mtihani mwingine. Njia rahisi ni kumfanya mpumbavu, na ni njia mbaya, kwa kuwa msomaji atauliza kwa nini mwanamke mwerevu hivi aliolewa na huyu. Mfanye mwerevu anayetazama mahali pasipo penyewe: ameona mkewe anatoka usiku, anapokea simu akiwa bafuni, ana fedha asizozieleza. Amehitimisha kuna mwanamume mwingine. Hitimisho lake ni la akili kabisa kwa ushahidi alionao, na linaumiza, na linachekesha, na mkewe hawezi kulikanusha bila kutoa siri ya dola. Uzi huo mmoja unaweza kubeba theluthi ya kitabu.

Kuhusu maiti: mbili, zikizidi sana tatu. Ya kwanza iwe ya mtu tuliyemwona kidogo tu, ili tuweze kucheka tatizo la kuificha bila kuona haya. Ya mwisho, kama ipo, isichekwe kabisa. Na mtoto asielekezewe bunduki kwa ajili ya mzaha. Msomaji akifika hapo hacheki tena mpaka mwisho wa kitabu, hata uandike nini.

Akihamia Kimara au Kitengela

Jasusi wa Kiswahili tuliyemzoea ni mseja. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa hawaulizwi nani atampeleka mtoto kliniki. Kumleta mama kwenye nafasi hiyo kunawezekana vizuri tu, ila mtambo wa Kimarekani ukihamishwa mzimamzima unakwama.

Kwanza, nyumba haibaki tupu. Kuna dada wa kazi, kuna mdogo wa mume anayetafuta ajira, kuna mama mkwe aliyekuja kupima macho akakaa miezi minne. Stoo ya siri chini ya nyumba haipo. Dada wa kazi ndiye mtu wa kwanza kujua kila kitu, kwa hiyo mwandishi anayemsahau ameacha bunduki mezani bila kuitumia. Kumbuka yaya wa Montreux.

Pili, saa ni nyingine. Dar es Salaam basi la shule linaweza kupita saa kumi na moja alfajiri, na mama anaonekana ana siku nzima, mpaka foleni ya Ubungo iingie kwenye hesabu. Taharuki ya kwetu inakaa barabarani. Adui kwenye gari lenye kiyoyozi hafiki. Mama juu ya bodaboda, sketi ameikusanya, na mfuko wa nyanya mapajani, anafika.

Tatu, simu. Laini ya kutumia mara moja na kutupa, ambayo kila riwaya ya Kimarekani inaitegemea, Tanzania inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Atumie ya nani? Ya mtu mwingine, na huyo mtu ni mhusika mpya mwenye tamaa zake. Malipo yakija kwa simu, ujumbe unaingia wakati mtoto anachezea gemu kwenye simu hiyohiyo na kuusoma kwa sauti. Bora fedha taslimu, nazo zina maelezo tayari: nimepokea mchezo. Ila wanawake wa kikundi wanajua zamu ilikuwa ya nani.

Na nne, kisingizio cha kulala nje. Marekani mama hujifanya ana semina. Kwetu kuna msiba, na hakuna mume atakayemzuia mkewe kwenda msibani. Basi mama anamuua shangazi wa Korogwe asiyekuwepo. Usiku huo anaifanya kazi yake vizuri. Asubuhi grupu la ukoo limeshapata taarifa. Mtu ameuliza marehemu ni wa upande upi. Mama mkwe ameanza kukusanya rambirambi, imefika shilingi 340,000, na shemeji amekodi Noah awapeleke watu arobaini. Mume, aliyeguswa sana, ameomba ruhusa kazini. Sasa mama ana siku moja ya kumzuia gaidi na siku hiyohiyo ya kutafuta kaburi, au ya kumfufua shangazi. Hapo uongo mmoja umeingiza gharama, umeleta watu, umeweka saa ya mwisho, na kila anayemsumbua anamsumbua kwa wema. Adui wa riwaya hana haja ya kufanya lolote kwa sura mbili.

Bado kuna suala la nani ajue mwishoni. Mume akiambiwa yote katika kitabu cha kwanza, kitabu cha pili kimepoteza ule uzi wa wivu na lazima kitafutiwe mwingine wenye uzito sawa. Asipojua chochote kwa vitabu vitatu, tunarudi kwa mume mpumbavu. Wanaopanga mfululizo humpa nusu: anajua mkewe hakuwa na mwanamume, anajua alikuwa na kazi, na anadhani ni ya mamlaka ya mapato. Anayejua yote huwa mtoto wa kati, wa miaka tisa au kumi, na ni vizuri ajue kabla ya msomaji kugundua kwamba anajua. Pandikiza dalili zake mbili tu, moja karibu na ukurasa wa 90 na nyingine karibu na 200, zote zionekane ni utundu wa kawaida.